Gwaride au Mguu Bandia? Ulinganisho kwa Kamati Zinazotaka Kuwaenzi Wanajeshi Wastaafu

Ikifika Septemba, vyama vya wastaafu, makanisa na kamati za mitaa kuanzia Gilgil hadi Mumias hurudi kwenye swali lile lile: hela kidogo zilizokusanywa ziende kwenye gwaride la kuwaenzi wanajeshi wastaafu, au ziende kwa wale waliorudi nyumbani na majeraha? Mara nyingi watu huinua mikono na gwaride hushinda. Gwaride kila mtu amewahi kuliona. Nakuru iliandaa Madaraka pale Afraha mwaka 2016, Kisumu ikaandaa mwaka 2021, Bungoma mwaka 2024, kwa hiyo picha ya vijana wenye sare nyekundu wakikanyaga ardhi kwa mpigo mmoja imewakaa watu vichwani. Soketi ya mguu bandia, yaani kikombe kinachoshika kigutu cha mguu uliokatwa, haijamkaa mtu kichwani, ila yule anayeivaa.

Jibu letu tunalitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda. Kama mna majina ya majeruhi na mnajua kila mmoja anakaa wapi, anzeni na msaada, gwaride lingoje. Kama hamna majina, fanyeni gwaride dogo, kwa sababu hakuna chambo bora cha kuwatoa wastaafu majumbani. Gwaride kubwa la mahema, jukwaa na wageni waheshimiwa hatulipendekezi kwa kamati ya mtaa. Hilo liachieni serikali na jeshi lenyewe.

Nani anahesabiwa?

Amueni hili kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, maana ndipo ugomvi huanzia. Kenya ina Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022, inayowahusu waliotumikia jeshi. Mtaani, hata hivyo, watu husema "askari" wakimaanisha pia polisi, GSU, magereza na askari wa akiba. Si kosa kuwajumuisha, lakini liwe jambo lililoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Mjane wa polisi akialikwa kwenye gwaride kisha akaambiwa mwezi wa pili kwamba msaada si wa mumewe, hiyo ni aibu ambayo haitasahaulika kijijini.

Halafu kuna wazee wa Keya, yaani waliopigana chini ya Mwingereza katika King's African Rifles, wengine wakafika hadi Burma. Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 sasa anakaribia au amepita miaka 100, kwa hiyo kwa sehemu kubwa mtakuwa mnashughulika na wajane na wana wao. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza fedha za kuwasaidia wakongwe wa nchi za Jumuiya ya Madola waliolitumikia jeshi lake kabla ya uhuru. Mlango wa kuulizia kwa upande wa Kenya ni chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, ambacho wazee wengi bado wanakiita KAFOCA. Atakachoulizwa mtu kwanza ni namba ya jeshi. Iko kwenye hati ya kuacha jeshi, na wakati mwingine pia imechongwa kwenye ukingo wa nishani yenyewe, herufi ndogo sana ambazo huhitaji kuzisugua kwa kitambaa na kuzielekeza kwenye mwanga ili zisomeke. Familia nyingi zina nishani kwenye sanduku la mabati na hazijui kwamba huenda ukingo wake una maandishi.

Gwaride linaleta nini

Linaleta watu na linaleta majina. Hayo mawili tu ndiyo tunayoyaona kuwa na thamani ya gharama yake. Watoto kujifunza uzalendo ni jambo zuri, lakini wangeweza kujifunza darasani.

Watu kwanza. Mstaafu aliyepoteza mguu hatembei akitangaza. Wengine hata chifu hajui kwamba walikuwa jeshini. Tangazo la "njooni tuwaheshimu" huwatoa wengi kuliko tangazo la "njooni tuwasaidie", kwa sababu la pili linagusa heshima ya mtu. Kwa hiyo kifaa muhimu kuliko vyote siku ya gwaride si kipaza sauti, ni meza ya kuandikisha: vijana wawili wenye mwandiko unaosomeka, daftari moja lenye mistari, na safu sita: jina, namba ya jeshi, simu, kata na kijiji, jeraha au ugonjwa, na jina la mtu wa nyumbani. Safu ya jeraha iandikwe pembeni, si kwa kuuliza kwa sauti mbele ya foleni. Kamati nyingi huweka meza hii mlangoni asubuhi, watu wakiwa na haraka ya kupata kiti. Iwekeni karibu na chai, baada ya shughuli.

Majina ndiyo yenye uzito. Sanamu ya watu watatu pale Kenyatta Avenue, Nairobi, iliyosimamishwa mwaka 1928, ina maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayoahidi kwamba hata ukifa, wanao watakumbuka jina lako. Jina lenyewe halipo hata moja. Gwaride la mtaa lina nafasi ya kusahihisha hilo bila gharama yoyote, na ndiyo maana kosa la jina huuma kuliko mvua. Baada ya shambulio la tarehe 15 Januari 2016 kwenye kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde, Somalia, ibada ya kitaifa ilifanyika Moi Barracks, Eldoret, tarehe 27 mwezi huo huo, na familia nyingi za huku magharibi na Bonde la Ufa zina mtu wao katika habari hiyo. Mkisoma majina, kila jina lithibitishwe na familia kwa simu siku saba kabla, tahajia na matamshi. Wanjala na Wanjara si mtu mmoja. Yasomwe kwa alfabeti, si kwa vyeo. Aachwe mtu mmoja wa kuyasoma, awe ameyasoma kwa sauti mara tatu nyumbani, na msemaji asiongeze jina la kubahatisha kutoka kwenye umati. Aliyesahaulika aandikwe mezani, asomwe mwishoni pamoja na wengine waliosahaulika, ionekane ni utaratibu.

Gwaride dogo linavyopangwa, na linapoharibikia

Tarehe tatu hushindaniwa. Tarehe 14 Oktoba ni siku ya KDF, yaani jeshi la Kenya, kukumbuka siku ambayo Operesheni Linda Nchi ya kuingia Somalia ilianza mwaka 2011. Jeshi hufanya shughuli zake lenyewe, na wastaafu wenu wengine watakuwa wamealikwa huko. Tarehe 20 ni Mashujaa, ambapo kaunti ina uwanja wake na bendi yake imeshachukuliwa. Inabaki Jumapili ya pili ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani katika nchi nyingi za Jumuiya ya Madola. Hiyo ndiyo tunaipendekeza. Makaburi ya vita ya Gilgil, na yaliyomo ndani ya makaburi ya Nakuru na Kisumu, hutunzwa vizuri na yanaipa shughuli mahali pa kuanzia au kuishia. Ubaya wake ni mvua za vuli. Kisumu radi huja alasiri, kwa hiyo kila kitu kiwe kimekwisha saa sita. Anzeni saa mbili asubuhi, si "saa mbili ya Kiafrika".

Taarifa kwa polisi. Sheria ya utulivu wa umma inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Barua iwe na majina na anwani za waandaaji, tarehe, saa za kuanza na kumaliza, na njia mtakayopita. Maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo. Njia ikikatiza maeneo ya vituo viwili, peleka kote kuwili. Kosa linalojirudia ni kupeleka barua mwezi mzima kabla, ikasahaulika mezani, kisha siku yenyewe zamu imebadilika na aliyepo hajui lolote. Piga simu tena siku mbili kabla.

Urefu wa njia ndipo kamati hujidanganya. Askari kijana hupiga karibu hatua 120 kwa dakika, kila hatua sentimita 75, yaani mita 90 kwa dakika. Kilomita moja anaimaliza kwa dakika 11. Mzee wa miaka 75 mwenye fimbo huenda mita 30 kwa dakika. Kilomita hiyo hiyo ni zaidi ya nusu saa juani. Chukueni mita 500 hadi 600, tambarare, zenye lami, na kila mita 150 benchi moja chini ya mti au mwavuli. Mtakaotoka barabara ya Kenyatta hadi Nyayo Gardens pale Nakuru, pimeni kwa miguu mkiwa na mzee mmoja, si kwa ramani ya simu. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret msiiguse kabisa.

Walio kwenye viti vya magurudumu na magongo watangulie mbele. Wakiwekwa nyuma, pengo hufunguka ndani ya dakika tano, bodaboda zinaingia katikati, na mwisho unakuwa na magwaride mawili, moja la wazima na moja la walioachwa. Aliye mbele ndiye anayeweka mwendo. Asiyetaka kutembea apande gari, lakini si pikapu: kumpandisha mtu mwenye mguu mmoja nyuma ya pikapu ni kumbeba kama gunia mbele ya watu. Tuktuk inafaa zaidi, sakafu yake iko chini. Na kila majeruhi aulizwe kwa simu wiki moja kabla: "Mzee, ungependa kutembea, kupanda gari, au kukaa jukwaani?" Jibu la nne, kwamba hataki kuonekana, nalo lipokelewe bila kusukumwa.

Jukwaa likiwa na kimo cha sentimita 60, njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu inataka urefu wa mita 7.2, kwa sababu kipimo salama ni 1 kwa 12. Fundi atakuambia mita mbili zinatosha. Hazitoshi, kiti kitarudi nyuma na msukumaji. Kwa hiyo achaneni na jukwaa, wote wakae chini usawa mmoja. Choo kimoja kiwe na mlango wa sentimita 90 na sakafu isiyo na kizingiti. Hiki hukumbukwa saa nne asubuhi, wakati haiwezekani tena.

Mavazi: koti, tai, kofia ya bereti ya chama, nishani kifua cha kushoto. Mjane au mtoto anayevaa nishani za marehemu huzivaa kulia. Sare za jeshi zisivaliwe na asiye kazini. Sheria inalikataza hilo waziwazi, na jaketi la madoadoa la mitumba lina hatari ile ile. Mpiga tarumbeta wa kimya cha dakika mbili apatikane mapema kutoka bendi ya shule au ya Jeshi la Wokovu, na sauti iliyorekodiwa iwe kwenye simu, tayari, kwa sababu midomo hukauka. Fataki, baruti na kupasua maputo, hapana. Aliyenusurika bomu la kutegwa barabarani husikia mlipuko kwa mwili mzima kabla akili haijamwambia ni sherehe. Droni nayo ipunguzwe. Mlio wake unawakera wengine vivyo hivyo.

Hotuba. Hatuna maelezo ya kiufundi hapa, ila kwamba mwanasiasa akipewa dakika tatu huchukua ishirini, na mtu mwenye mguu bandia hapaswi kusimamishwa muda mrefu. Amueni ni nani atakayenyimwa.

Msaada kwa majeruhi: mguu bandia kwa karibu

Upande huu ndio tajiri kwa mambo ya kukosea, na ndio usiopigwa picha.

Mtu aliyejeruhiwa akiwa kazini kwa kawaida alitibiwa na jeshi lenyewe, wengi wakipitia hospitali ya kumbukumbu ya majeshi ya ulinzi kule Nairobi. Hatua ya kwanza basi ni kuuliza ni nini alichokwisha kupewa na kimeishia wapi. Mara nyingi mtamkuta mtu ana mguu bandia, ameuegemeza nyuma ya mlango, na anatembea kwa magongo. Wafadhili huona hapo haja ya mguu mpya. Mara nyingi mguu ni mzima; kilichobadilika ni kigutu.

Kigutu husinyaa. Katika miezi 12 hadi 18 ya mwanzo baada ya kukatwa hupungua sana, na soketi iliyochukuliwa kipimo mwezi wa tatu inakuwa pana mwezi wa tisa. Mguu unaanza kucheza, unapiga chini kama pistoni, ngozi inachubuka kwenye mfupa wa mbele chini ya goti, kisha kidonda, kisha nyuma ya mlango. Dawa ya kwanza ni rahisi: soksi za kigutu, za unene tofauti, zinazoongezwa moja moja. Asubuhi soksi moja, alasiri mbili au tatu, kwa kuwa kigutu hupungua hata ndani ya siku. Mtu anahitaji angalau sita, maana zafuliwa kila siku na Kisumu jasho halina huruma. Akifikia kuvaa soksi nyingi hadi unene unaharibu umbo la soketi, hapo soketi mpya ndiyo inayotakiwa, si mguu mzima. Mguu wenyewe kwa mtu mzima hudumu takriban miaka 3 hadi 5, kutegemea kazi na ardhi. Tope la Kano na vilima vya mawe vya Vihiga haviuli mguu kwa namna moja: tope hula wayo na bolti za kifundo, vilima hula soketi kwa sababu uzito wote huja mbele wakati wa kuteremka.

Jinsi ya kujua kama soketi inafaa, bila kuwa fundi: avae, atembee dakika 15, avue. Wekundu ulioenea na kufifia ndani ya dakika kumi ni wa kawaida. Wekundu wa sarafu moja mahali pamoja, juu ya mfupa, usiofifia, ni soketi mbaya. Malengelenge ni kusimama kabisa kuvaa. Watu wa nyumbani hupaka mafuta ya mgando ili "ilainike". Hiyo hulainisha ngozi hadi ikachubuka haraka zaidi. Kigutu kioshwe jioni, si asubuhi, kwa sababu ngozi yenye maji huvimba na kunata ndani ya soketi.

Kwa aliyekatwa karibuni, kabla ya mguu wowote, kuna kazi ya miezi miwili au mitatu isiyogharimu karibu chochote: bandeji ya kuvutika ya sentimita 10 au 15, inayofungwa kwa umbo la nane, ikibana zaidi nchani na kulegea kadiri inavyopanda, na kufungwa upya kila baada ya saa nne hadi sita. Ikibana juu kuliko chini, nchani huvimba kama balbu na fundi hawezi kupima. Mto chini ya goti, ambao kila mama humwekea mwanawe kwa upendo, hukunja goti na likikunjika miezi miwili halinyooki tena. Mguu bandia mzuri kuliko yote hautalinyoosha. Alale kifudifudi dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku.

Hospitali kubwa za rufaa za eneo hili zina mafundi wa viungo: ile ya Nakuru ambayo wengi bado wanaiita PGH, Jaramogi pale Kisumu ambayo wazee wanaiita Russia, Kakamega, na Moi ya Eldoret. Hesabuni safari nne au tano kwa mguu mmoja: uchunguzi, kuchukua umbo kwa plasta, kujaribisha, kurekebisha, kujifunza kutembea. Kamati hulipa mguu na kusahau nauli. Mtu anayetoka Port Victoria kwenda Kisumu mara tano, pamoja na msindikizaji wake, anaacha safari ya tatu, na mguu unakaa rafuni karakana na jina lake kwenye karatasi. Kama mna hela kidogo sana, lipeni nauli tu. Kwa maoni yetu ndiyo shilingi inayofanya kazi kubwa kuliko zote katika habari hii.

Viti, na majeraha yasiyoonekana

Kiti cha magurudumu cha hospitali, kile cha chuma cha kukunja chenye magurudumu madogo mbele, ni kiti cha korido. Kwenye njia ya murram gurudumu dogo huzama na mtu huanguka kifudifudi. Cha kijijini kiwe na gurudumu la mbele kubwa au la tatu lililotangulia mbali, matairi yenye tyubu inayopatikana kwa fundi baiskeli, na mto. Mto si anasa: aliyepooza kiunoni asiye na mto hupata vidonda vya kukalia, na vidonda hivyo huua. Afundishwe kujiinua kwa mikono kila nusu saa. Viti vya msaada vinavyokuja kwa kontena, vyote saizi moja, vikataeni kwa adabu.

Majeraha ya kichwa, masikio na moyo hayaonekani kwenye meza ya kuandikisha. Mlipuko huharibu usikivu, na mtu asiyesikia vizuri huitwa mkali au mlevi. Ndoto mbaya, kushtuka, kukaa macho usiku, pombe, kutoweka nyumbani siku mbili: haya yaulizwe kwa mke, pembeni. Rufaa ni kliniki ya afya ya akili katika hospitali hizo hizo za kaunti. Wastaafu wanne au watano wanaokutana kila Jumamosi kwa chai, bila mgeni rasmi, wanasaidiana zaidi ya semina ya siku moja hotelini. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake usiku huo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Makaratasi

Sehemu hii ni fupi kwa sababu ni kazi ya miguu tu. Majeruhi asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kuchunguzwa na madaktari katika hospitali ya serikali inayoruhusiwa. Akiwa ameajiriwa, usajili huo humfungulia njia ya kuomba msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, jambo ambalo wastaafu walioajiriwa kama walinzi au madereva hawalijui. Hakikisheni yuko SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na mshahara kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hulipwa ya mwaka kwa pamoja. Jina la kitambulisho, hati ya jeshi na M-Pesa yalingane. "Barasa" kwenye kimoja na "Baraza" kwenye kingine kumewahi kuzuia hela za mtu miezi kadhaa.

Shilingi 200,000 zikiwekwa pande mbili

Tuseme kamati ya Nakuru au Kakamega ina kiasi hicho. Gwaride la watu 300 lenye mahema, viti, vipaza sauti, fulana zenye maandishi na pilau litazimaliza, na saa nane mchana kitakachobaki ni fulana. Vitu viwili vya mwisho ndivyo hula fungu kubwa na havina uhusiano wowote na wastaafu.

Hela hizo hizo kwa majeruhi watano ni 40,000 kila mmoja, au kama 3,300 kwa mwezi kwa mwaka mzima. Hapo kuna SHA yake, nauli za karakana, soksi za kigutu, na kitu kidogo cha kumlipa fundi baiskeli akarabati kiti. Mguu mpya haumo, na msiahidi. Ahadi ya mguu iliyotolewa kwa kipaza sauti ndiyo inayovunja vikundi hivi, kwa sababu mtu husubiri, huacha kutafuta kwingine, na kigutu kinaendelea kubadilika.

Msaada nao una magonjwa yake. Hauonekani, kwa hiyo wachangiaji huchoka mwezi wa nne. Hutegemea mtu mmoja mwenye bidii, na akihama kila kitu hufa. Fedha zikipitia simu ya mwenyekiti, minong'ono huanza hata kama ni mwaminifu. Sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Wekeni watia saini watatu, na taarifa ya matumizi isomwe kila mwezi, jina la mpokeaji likiwekwa namba badala ya jina. Hali ya mwili ya mtu si ya kusomwa kwenye kikao. Na gwaride, kwa upande wake, lina fadhila moja ambayo msaada hauna: linakwisha. Hakuna anayelalamika mwezi Machi kwamba gwaride limekatizwa.

Kwa hiyo mgawanyo tunaoupendekeza kwa kamati isiyo na majina ni 30,000 kwa gwaride na 170,000 kwa mwaka unaofuata. Kwa 30,000 mnapata viti 150, kipaza sauti kimoja, chai na mandazi, shada mbili za maua, maji ya kunywa nusu lita kwa kila mtu kwa saa, na mkoba wa huduma ya kwanza pamoja na watu wa Msalaba Mwekundu au St John. Fulana hakuna. Bei hutofautiana, takeni makadirio matatu. Kamati yenye majina tayari isome majina hayo kanisani au msikitini bila gharama, na 200,000 zote ziende upande wa pili.

Kuna njia ya tatu

Tarehe 29 Julai 1948, daktari Ludwig Guttmann wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, aliwapanga wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wanaume na wanawake, kushindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Michezo ya Paralimpiki ilitokana na hapo. Siku ya michezo ina heshima ya gwaride, na hakuna anayeonewa huruma hadharani, kwa sababu watu wamekuja kutazama mashindano. Voliboli ya kukaa chini inahitaji uwanja wa mita 10 kwa 6, wavu wa kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, na turubai kama nyasi ni mbaya. Wachezaji sita kila upande, wazima wa kijijini wanaruhusiwa kujaza nafasi, nao ndio hupigwa vibaya kwa sababu hawajui kuteleza kwa makalio.

Meza ya kuandikisha iwe pale pale, karibu na chai.